Mtoto Aliyerudishwa Shule

Wageni walipiga hodi kwa Mwanakheri mara tu baada ya adhuhuri, naye kwa kuwapenda kupita kiasi akaitia Mtongwe nzima njaani. Hivyo ndivyo majirani wanavyosema mpaka leo, na apitapo hawapunguzi sauti. Waseme. Lakini na wao wasijifanye hawakuwepo.

Siku ile wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa uani kwake, wamekaa mikekani, kila mmoja na sindano yake, wakitia ushanga mikanda ya ngozi. Mikanda ilikatwa kiwandani Changamwe, Felix, wakala wa kiwanda, akaivusha kwa feri na pikipiki yake, ikashonwa huku majumbani, kisha ikarudi kiwandani kutiwa soli na kupandishwa meli kwenda Ujerumani, viatu vya kike vya kutembelea ufukweni. Jozi moja ililipwa shilingi thelathini. Si pesa ya kujivunia, lakini ndiyo iliyonunua unga, na kwa Mwanakheri ndiyo iliyomweka shule bintiye Mishi, maana mumewe Jafar ni kuli wa saruji na wiki nyingine harudi na kitu ila vumbi.

Felix alikuwa ametangulia asubuhi kuwafunza la kusema.

"Sikizeni, kina mama. Huko Ulaya wametunga sheria. Mwenye duka sasa anaulizwa kiatu chake kimepita mikononi mwa nani, nani ameonewa, maji machafu yamemwagwa wapi. Akikosa jibu, anapigwa faini ya kumlaza chini. Kwa hivyo leo wanakuja kutazama. Mkiulizwa maji ya kunywa, yapo. Choo kipo. Mapumziko mnapata. Mtoto hashiki kazi."

"Mtoto gani apewe ushanga wa watu auharibu?" Salha alimjibu. Salha ndiye mkubwa wao katika kazi ile, na nyumba yake imepakana na ya Mwanakheri ukuta kwa ukuta. "Mimi mwenyewe na ukubwa wangu hufumua nikashona tena."

Wote wakacheka. Neno la watoto lilipita juu ya vichwa vyao, kwa sababu hapakuwa na mtoto anayeshona. Walichotaka kujua ni kingine.

"Na bei, Felix? Wakituuliza bei?"

"Wakiwauliza, semeni mnaridhika," alisema Felix, akapanda pikipiki yake.

Basi wageni wakaja. Mmoja alikuwa bibi wa Kizungu, mrefu, pua imemuungua kwa jua. Wa pili ni Lynnette, afisa wa kampuni, msichana wa Nairobi aliyevaa koti jeusi katika joto la Mtongwe, naye ndiye mkalimani. Felix alisimama nyuma yao, ameshika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili. Mwanakheri alikuwa ameazima bilauri kwa Salha, akatengeneza sharubati ya ukwaju, akachoma mahamri ya iliki. Alipoleta sinia, Lynnette aliinua mkono.

"Asante mama, haturuhusiwi kupokea kitu. Ni sheria."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Mwanakheri alisimama na sinia lake katikati ya ua, uso umesawijika. Mgeni anaingia kwako, anakagua choo chako kwa tochi, anapiga picha mtungi wako, halafu anakataa chakula chako! Wanawake waliinamia sindano zao. Yule bibi wa Kizungu akazidi kuandika kwenye tabuleti yake bila kutabasamu.

Hapo ndipo Mishi alipoingia, ametoka shule kula chakula cha mchana, na sare yake ya shule mwilini. Akawaamkia, "Shikamooni." Yule bibi akainua uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akaokota jozi moja iliyoshonwa maua ya buluu na meupe, akaisifu sana kwa lugha yake.

Mwanakheri alifurahi kupita kiasi. Hatimaye mgeni amepata cha kupokea.

"Huyo ni binti yangu, Mishi," alisema. "Na hayo maua ni mikono yake hiyo."

Sasa, mtu wa Mtongwe angejua la kufanya na maneno yale. Angesema mashallah, akaendelea na mambo yake. Kila mama wa pwani hii ana binti aliyepika biriani ambayo mama mwenyewe ameihangaikia tangu alfajiri, ana binti aliyefuma kofia iliyonunuliwa Marikiti. Mama husifu mikono ya binti yake mbele ya wageni, wageni huitikia, na hakuna anayekwenda mahakamani kuapa. Ni adabu tu, ni raha ya mzazi.

Lynnette akatafsiri neno kwa neno. Yule bibi akaacha kutabasamu, akaketi.

"Anauliza ana miaka mingapi."

Mishi alikuwa na miaka kumi na minne. Lakini kipaji cha mtoto hunoga akiwa mdogo, na Mwanakheri hakuona ubaya kuongeza chumvi. "Kumi na miwili tu! Juzi juzi ametimiza."

"Ameanza kushona lini?"

"Huyu? Tangu yuko hivi!" Akaonyesha kwa mkono, chini ya kiuno.

Felix akakohoa. Salha akamfinya Mwanakheri paja. Naye akadhani ni wivu, maana Salha naye ana binti wa rika lile lile, na hajawahi kusifiwa na Mzungu.

"Akitoka shule hapumziki?"

"Apumzike wapi? Huniambia, Mama, niletee kazi!"

Mishi alikuwa amekodolea macho vidole vyake vya miguu. "Mama," aliita kidogo.

"Nyamaza mwanangu, usione haya."

Akanyamaza. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkanushi mamake mbele ya watu. Yule bibi wa Kizungu akampiga picha, pole pole, kwa huzuni nyingi, kama anayempiga picha mgonjwa.

*

Kesho yake Felix alirudi, safari hii na gari. Akapita nyumba hadi nyumba kukusanya mikanda yote, iliyoshonwa na ambayo haijashonwa, na hata ile ambayo sindano zilikuwa bado zimening'inia.

"Kazi imesimamishwa," alisema. "Mtongwe yote. Wameandika mtoto wa miaka kumi na miwili anafanyishwa kazi usiku na mchana."

"Mtoto gani?" aliuliza Mwanakheri.

Felix alimtazama, akatema mate pembeni. "Mama Mishi, wewe una akili kweli?"

Yakaanza mateso. Wanawake aliokaa nao mkeka mmoja kwa miaka wakamsusa. Akienda kununua maji kibandani, hakuna aliyemsogelea wala kumpisha. Akisalimia, "Hamjambo," wanajibu kwa pua. Asubuhi akifungua mlango anakuta maji ya samaki yamemwagwa kizingitini. Salha, ambaye alimpokea Mishi alipozaliwa, alipaza sauti juu ya ukuta ili asikike vizuri.

"Kuna watu ulimi wao hauna breki! Mtu anauza riziki ya mtaa mzima kwa sifa za mtoto asiyejua hata kutunga uzi!"

"Salha, nakusikia," Mwanakheri alimwambia kutoka upande wa pili.

"Na usikie! Mimi nasema na ukuta?"

Ndani nako hakukuwa na nafuu. Jafar alirudi na vumbi lake la saruji, akaambiwa, akaketi kitandani bila kunawa.

"Ilikuwaje ukamwambia Mzungu mtoto anafanya kazi?"

"Nilimsifu tu."

"Umemsifu!" Jafar alicheka vibaya. "Wengine wanauza ng'ombe kusomesha, wewe umemsifu mpaka ukamnyang'anya karo."

Mwanakheri aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mishi alikuwa chumba cha pili, na nyumba ile haina dari; kila neno lilivuka.

*

Mwishowe Mwanakheri alijitanda buibui lake akaamua kwenda Changamwe kusema ukweli. Salha akasema atafuatana naye, si kwa urafiki, bali kuhakikisha haongezi mengine. Wakavuka feri bila kusemezana.

Mlinzi wa kiwanda aliwaweka langoni juani, akawaambia wasikalie ile benchi, ni ya madereva. Adhuhuri ilipita. Lynnette alipowaita ofisini, alikuwa akila chakula chake cha mchana, na hakuwakaribisha kiti.

"Madam, mimi nilikuwa najigamba tu," alianza Mwanakheri. "Mwanangu hajashika sindano. Kwetu mama husifu binti yake mbele ya wageni. Na umri nilimpunguzia. Ana kumi na minne, na ni mwanafunzi, si mlimwona na sare?"

"Mama, ulisema na mdomo wako. Mimi nilitafsiri. Sasa nikimpigia huyo mama Ujerumani nimwambie umegeuza maneno, atafikiria nini? Atafikiria kampuni imekutisha."

"Hamkunitisha."

"Hata ukisema hatukukutisha, ataona tumekutisha useme hivyo."

Salha hakuweza kujizuia. "Sasa ukweli tuuseme wapi, binti yangu? Msikitini?"

Lynnette alifuta vidole kwa karatasi. "Skizeni. Sheria haisemi tuwafukuze tu na tuende. Inasema tukipata makosa tuyarekebishe, na tuonyeshe tumeyarekebisha. Kwa hivyo njia iko. Tunamtoa mtoto kwa kazi, tunamrudisha shule."

"Yuko shule," alisema Mwanakheri.

"Tutamrudisha."

"Madam, yuko darasani sasa hivi tunavyozungumza!"

"Basi itakuwa rahisi."

Mwanakheri alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Alieleza vizuri, bila hasira, jinsi itakavyokuwa: picha moja ya mtoto akiwa kazini, kama alivyopatikana, na picha nyingine akiwa na sare na mkoba mpya kutoka kwa kampuni. Kisha kampuni ingejenga banda Mtongwe, wanawake wakashonea hapo mahali pa wazi, na kazi ikarudi.

"Isipokuwa wewe, mama. Nyumba imepatikana na mtoto, hatuwezi kuirudisha kwa orodha. Hiyo siyo mimi, ni masharti."

"Yaani mimi nimtoe mwanangu aitwe mtumwa, halafu nikose kazi?"

"Wenzako watapata," alisema Lynnette, akafunika mkebe wake wa chakula.

Kwenye feri ya kurudi Salha alisogea karibu, akamshika mkono. "Picha moja tu, shoga," alisema. Mwanakheri alikuwa hajaitwa shoga tangu siku ile ya wageni, na machozi yakamtoka bila yeye kutaka.

*

Jafar alikataa katakata. Alisema mwanawe si mzoga wa kuonyeshwa watu.

"Ulimi wangu ndio uliowatia watu njaa, Baba Mishi," alisema Mwanakheri.

"Basi ukate huo ulimi wako! Usimkate mwanangu!"

Alasiri ile wanawake wakaja wote, wakakaa barazani mwake. Hawakugombana, hawakutukana. Walikaa tu, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu akitukanwa hupata la kujibu.

"Baba Mishi, tumekuja kwa wema," alisema Salha.

"Mnanimwagia maji ya samaki mlangoni wiki nzima, leo mmekuja kwa wema?"

"Tumekosa. Tusamehe. Lakini watoto wetu wanalala na njaa."

"Na wangu je? Atakwenda wapi na uso wake?"

Mishi akatoka ndani, ushungi mkononi. "Baba, nitapiga picha."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna," alisema Mishi. "Mnazungumza habari zangu na hakuna aliyeniuliza. Binti yake Bi Salha ana siku hajaja shule, na darasa zima linajua kwa nini. Nitapiga, yaishe."

Jafar alimwangalia mkewe kwa chuki ambayo Mwanakheri hakuwahi kuiona machoni mwake. Akatupia shati lake begani, akatoka akaenda zake. Wanawake wakamwombea Mishi dua, wakamwita mwana mwema, wakaondoka upesi kabla hajabadili nia.

*

Lynnette alikuja na mpiga picha na gunia la mikanda. Akasema sare ivuliwe kwanza, aletewe gauni la nyumbani. Gauni likaletwa. Akaliona safi mno, akauliza kama hakuna lililochakaa. Salha akaenda kwake akaleta la bintiye, limetoboka kwapani.

Mishi alikalishwa chini, rundo la mikanda mbele yake, akapewa sindano. Akaishika kama kalamu.

"Shika vizuri," alisema mpiga picha. "Kama ulivyozoea."

"Sikuzoea," alisema Mishi.

Alijaribu, akajidunga. Ushanga ukamwagika mkekani. Mpiga picha akaguna, akamtazama Lynnette, na Lynnette akatazama saa. Kisha akamgeukia Mwanakheri.

"Mama, msaidie. Muonyeshe."

Mwanakheri alipiga magoti nyuma ya binti yake. Alivishika vidole vyake, akamfundisha: sindano huku, uzi uvute kwa kidole hiki, ushanga unauokota kwa ncha, hivi. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Alitamani Mishi amsukume, ampige hata, lakini Mishi alifuata tu kila alichoonyeshwa, na ni mwepesi wa kushika, akashona ushanga mmoja, wa pili, wa tatu, umekaa sawasawa.

"Vizuri sana," alisema Lynnette. "Mama, toka kwa picha."

*

Kama ingeishia hapo, labda yangesahaulika. Lakini masharti yalidai ushahidi, na ushahidi ukapelekwa shuleni. Kampuni ilileta madaftari na mipira, bango likatundikwa mbele ya wanafunzi wote, na Mishi akaitwa mbele kupokea mkoba. Mkoba wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko aliokuwa nao. Mwalimu mkuu alishukuru, akasema tumshangilie mwenzetu aliyekombolewa na sasa ameanza masomo. Wanafunzi waliosoma naye tangu chekechea walipiga makofi, wengine wakacheka mpaka wakainama. Kuanzia siku ile hakuitwa tena Mishi. Wenzake walimpa jina jipya, Mkombolewa. "Mkombolewa, leo umepewa ruhusa?" "Mkombolewa, nishonee kiatu!"

Alivumilia kwa muda. Halafu asubuhi moja hakuamka kuoga. Mwanakheri alimbembeleza, akamtishia, akalia. Jafar, ambaye siku hizi husema na mkewe kwa kupitia mtoto, alimvuta mkono hadi mlangoni. Mishi akakaa chini pale pale mlangoni, hakulia, akasema tu, "Siendi." Ikapita siku, ikapita wiki. Mwalimu mkuu hakuuliza.

Banda nalo likajengwa, bati jipya linang'aa. Wanawake wakarudi kazini, na bei ikabaki ile ile. Asubuhi Mwanakheri huwasikia wakicheka, naye yuko ndani anafua nguo za watu wa Nyali ambazo Jafar humbebea na kumtupia bila neno.

Siku moja, karibu na kufunga muhula, Felix alikuja na simu mkononi. Akasimama mlangoni.

"Mama Mishi, ni ufuatiliaji. Ujerumani wanataka picha kuonyesha mtoto bado yuko shule. Yuko wapi?"

Mwanakheri aliinuka kutoka kwenye beseni, akajikausha mikono kwenye leso. Aliona kwamba hii ndiyo nafasi yake, na pengine hapati nyingine.

"Haendi shule, Felix. Mmemfukuza shule kwa kumrudisha. Waandikie hivyo. Waandikie kama ninavyokwambia."

Felix alitazama nyuma yake. Sauti zilikuwa zimekoma bandani, na Salha alikuwa ameshafika mlangoni, na wengine nyuma yake.

"Nikiandika hayo, banda hili linafungwa kesho," alisema Felix. "Nyinyi mnajua."

"Usimsikize," alisema Salha. "Mtoto yupo."

Akampita Mwanakheri kama anayepita kiti, akaingia chumbani. Alitoka amemshika Mishi bega. Alimvalisha sare mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akamlainisha ushungi kwa kiganja, akampa mkoba wa kampuni ambao ulikuwa umetundikwa na haujawahi kutiwa kitabu. Alifanya yote kwa upole, kama alivyomvalisha sikukuu nyingi huko nyuma. Mwanakheri alisimama na maji ya sabuni yakimchuruzika viwikoni, akingoja mwanawe amtazame. Akimtazama mara moja tu, angemrukia Salha, angeipasua ile simu. Mishi hakumtazama.

"Simama hapo ukutani, penye mwanga," alisema Felix. "Tabasamu kidogo."

Mishi akatabasamu. Felix akapiga, akaitazama, akasema imetoka safi, akaituma papo hapo. Wanawake wakaanza kurejea bandani kwao.

"Nivue sasa?" aliuliza Mishi.

Mwanakheri alifungua mdomo, lakini Salha alikuwa ameshamjibu.

"Vua, mwanangu, isije ikachafuka. Watakuja tena muhula ujao."